Sili ya ekseli

Makala hii inahusu kipuri cha gari. Kwa mnyama wa baharini mwenye jina hilo, tazama Sili.

Sili ya ekseli (huitwa pia oili sili ya ekseli) ni pete ya mpira na chuma inayozuia oili isitoke ndani ya giaboksi mahali ekseli inapoingia. Pete hiyo hukaa katika tundu la ganda la giaboksi, na ekseli hupita katikati yake ikizunguka muda wote gari linapotembea. Ikichakaa, oili huanza kutoka tone kwa tone. Sili yenyewe ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika gari, lakini giaboksi inayolindwa nayo ni miongoni mwa vile vya bei kubwa, na giaboksi iliyoishiwa oili inaweza kuharibika kabisa katika safari moja ndefu.

Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi magari madogo yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele na ambayo injini yake imelala kwa upana, kama vile Toyota Corolla, Vitz na Probox. Ni magari yaliyojaa katika barabara za Afrika Mashariki, na mengi yaliingia yakiwa yametumika tayari nchini Japani. Sili zake huwa zimezeeka kwa miaka kadhaa kabla ya mnunuzi wa hapa kushika usukani.

Mahali pake na kazi yake

Katika magari ya aina hiyo giaboksi na difu zimo ndani ya ganda moja. Difu hugawa nguvu ya injini kwa ekseli mbili, ya kulia na ya kushoto. Kila ekseli ina jointi mbili za sivi: moja ya ndani, karibu na giaboksi, na nyingine ya nje, katika habu ya gurudumu. Ncha ya ndani ya ekseli ina meno yanayoingia katika gia ya difu, na hushikwa humo na klipu ndogo ya waya. Baada ya meno hayo pana sehemu ya mviringo iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Hapo ndipo mdomo wa sili unapogusa.

Oili iliyo ndani haikai tuli. Gia kubwa ya difu huichota na kuirusha kila upande, hivyo sili huwa imelowa karibu wakati wote. Upande wa pili wa sili ni barabara yenyewe: vumbi, matope, maji ya madimbwi na changarawe. Kazi ya sili ni kuzuia pande zote mbili, oili isitoke na uchafu usiingie.

Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 huzunguka mara 530 hivi katika kila kilomita. Gari likitembea kilomita 100,000, ekseli huwa imezunguka zaidi ya mara milioni 53 ndani ya mdomo uleule wa mpira.

Muundo

Sili iliyokatwa katikati huonyesha sehemu tatu. Ya kwanza ni kiunzi cha pete ya chuma, ambacho mara nyingi hufunikwa kwa mpira upande wa nje ili kishike vizuri katika tundu lake. Ya pili ni mdomo wa mpira unaoigusa ekseli. Ya tatu ni springi nyembamba ya waya iliyounganishwa ncha zake kama mkufu, nayo huuzunguka mdomo kwa nyuma na kuubana juu ya ekseli hata mpira unapoanza kulegea. Sili nyingi za ekseli zina pia mdomo mdogo wa pili upande wa nje, usio na springi, kwa ajili ya kuzuia vumbi.

Watu wengi hudhani kwamba mdomo huzuia oili kwa kubana tu. Kwa kweli mdomo uliobana kikavu ungeungua baada ya muda mfupi. Kati ya mpira na chuma hubaki utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele, na utando huo ndio unaoulainisha mdomo. Oili haitoki nje kwa sababu pande mbili za mdomo hazina mteremko sawa: upande wa oili umesimama zaidi, upande wa hewa umelala zaidi. Umbo hilo hufanya mzunguko wa ekseli urudishe ndani ule unyevu kidogo unaotaka kutoka. Kwa maneno mengine, sili nzuri ni kama pampu ndogo, na ikiwekwa kinyume hupampu kuelekea nje.

Baadhi ya sili zina mistari midogo ya mshazari kwenye mdomo, inayosaidia kurudisha oili ndani. Mistari hiyo hufanya kazi kwa mzunguko wa upande mmoja tu. Ekseli ya kulia ikitazamwa kutoka nje huzunguka kinyume cha ile ya kushoto, kwa hiyo katika magari mengi sili ya kulia na ya kushoto si moja, hata kama vipimo vyake vinalingana. Mshale uliochorwa juu ya sili huonyesha mwelekeo wa mzunguko gari linapokwenda mbele.

Vipimo huandikwa juu ya sili kwa milimita. Namba kama 40×60×10 zina maana ya kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Aina ya mpira hutofautiana pia. Mpira wa naitrili, ambao ndio wa kawaida na wa bei nafuu, huvumilia joto la karibu nyuzi 100 za selsiasi. Mpira wa akriliki huvumilia hadi 150 hivi, na ule wa florini hufika karibu 200. Kwa sababu hiyo sili mbili zenye vipimo sawa zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Historia

Kabla ya mpira kutumika, kazi hii ilifanywa na ngozi. Si ajabu basi kwamba baadhi ya kampuni za zamani za sili zilianza na ngozi. Chicago Rawhide ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1878, ilitengeneza mikanda ya ngozi ya kuendeshea mashine kabla ya kuingia katika sili. Tangu mwaka 1990 imekuwa chini ya SKF ya Uswidi. Huko Weinheim, Ujerumani, kampuni ya Freudenberg ilianza mwaka 1849 kama kiwanda cha kutengeneza ngozi. Mwaka 1929, biashara ya ngozi ilipoporomoka, iligeukia sili za ngozi kwa ajili ya magari. Mwaka 1932 ilitoa sili yenye springi ndani ya kiunzi cha chuma, ikaitwa Simmerring kutokana na mhandisi Walther Simmer. Miaka michache baadaye ngozi ilipisha mpira wa viwandani. Hadi leo fundi wa Ujerumani huita sili yoyote ya shafti kwa jina hilo.

Magari ya Kijapani hutumia sana sili za NOK, kampuni ambayo Freudenberg ina hisa ndani yake. Jina hilo huonekana mara nyingi juu ya sili zinazotolewa katika magari yanayotengenezwa hapa, na pia juu ya nakala zake zisizo halisi.

Sababu za kuvuja

Uzee ndio sababu ya kwanza. Joto huufanya mpira kuwa mgumu, mdomo ukapoteza unyumbukaji wake na kushindwa kuifuata ekseli inapotikisika. Gari lililosimama miezi mingi bila kutembea huumia pia, kwa kuwa mdomo hukauka na kukaa mkao mmoja.

Vumbi ndilo adui wa pili. Chembe za mchanga zikipenya chini ya mdomo hunasa katika mpira na kufanya kazi ya msasa juu ya chuma. Matokeo yake ni ya kushangaza kwa anayeyaona mara ya kwanza: ekseli ya chuma kigumu hupata mfereji uliochimbwa na mpira laini.

Sababu nyingine hazimo ndani ya sili yenyewe, na hizo ndizo husahaulika. Kila giaboksi ina tundu dogo la kupumulia, kwa kawaida upande wa juu, lenye kifuniko kidogo au bomba la mpira. Giaboksi ikipata joto, hewa ndani yake hutanuka na kutoka kupitia tundu hilo. Tundu likizibwa na matope, au likapakwa rangi wakati wa kunyoosha bodi, shinikizo hupanda na oili husukumwa nje kupitia mahali palipo dhaifu zaidi, yaani kwenye sili. Beringi za difu zilizolika huiacha ekseli icheze, na hakuna mdomo wa mpira unaoweza kuifuata ekseli inayocheza. Oili iliyojazwa kupita kiasi huleta shida pia.

Zipo sili zinazokatwa siku ileile zinapofungwa au siku jointi ya sivi inapobadilishwa. Meno ya ekseli yana ncha kali. Ekseli ikiingizwa kwa pupa na kulala juu ya mdomo wa sili, mdomo huo huchanika mahali pasipoonekana. Mwenye gari hurudi baada ya wiki moja akilalamika kuwa gari halikuwa likivuja kabla ya kufikishwa gereji, na malalamiko yake huwa ya haki.

Kutambua uvujaji

Doa chini ya gari halitoshi kuwa ushahidi. Oili husafiri juu ya ganda la giaboksi, hupeperushwa na upepo, kisha hudondoka mbali na ilikotokea. Oili ya injini inayovuja juu huteremka hadi kwenye ekseli na kuonekana kana kwamba imetoka pale.

Rangi na uzito husaidia. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa mpya mara nyingi ni nyekundu, na ikizeeka huwa ya kahawia. Oili ya giaboksi ya kawaida ni nzito zaidi na aghalabu ina harufu kali ya salfa. Grisi nyeusi na nzito iliyotapakaa kwa duara hutoka katika jointi ya sivi ambayo mpira wake umepasuka. Hilo ni tatizo jingine, na kubadilisha sili hakutaliondoa. Maji safi yanayodondoka karibu na sehemu ya abiria siku ya joto kwa kawaida ni ya kiyoyozi tu.

Njia ya uhakika ni kusafisha. Sehemu yote inayozunguka mwanzo wa ekseli huoshwa na kukaushwa, gari huendeshwa kilomita 20 au 30, kisha hutazamwa tena kwa tochi. Sili inayovuja huacha unyevu mpya chini ya jointi ya ndani, na mara nyingi mstari wa matone yaliyorushwa kwa duara kwenye vyuma vya jirani. Saa moja ya kufanya hivyo imewaokoa wengi kulipia kazi isiyohitajika.

Unyevu kidogo usiodondoka unaweza kusubiri huku kimo cha oili kikikaguliwa mara kwa mara. Matone yanayoonekana kila asubuhi hayafai kusubiri. Dereva wa teksi anayeongeza oili kila Jumamosi badala ya kutengeneza huwa anakisia kiasi kilichobaki, na siku akikosea giaboksi ya otomatiki huanza kuteleza, kuchelewa kushika gia, kisha kuunguza klachi zake za ndani. Giaboksi ya kawaida hulalamika kwa mlio wa beringi. Milio hiyo ikisikika, uharibifu huwa umekwisha kuanza.

Kubadilisha sili

Kazi hii inaweza kufanywa na fundi wa kawaida mwenye vifaa vya kawaida katika nusu siku. Ugumu wake hauko kwenye sili bali katika kuifikia, kwa kuwa lazima ekseli itolewe.

Usalama unatangulia. Gari husimamishwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa vipande vya mbao, na gari likishainuliwa huegemezwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Matofali ya saruji yenye matundu hayafai kabisa, maana hupasuka ghafla bila kutoa dalili, na kazi hii humtaka fundi avute na kugonga akiwa chini ya gari. Giaboksi iachwe ipoe, kwani oili yake huunguza.

Nati kubwa ya habu hulegezwa gari likiwa bado chini na mtu akikanyaga breki, kwa sababu hukazwa kwa nguvu nyingi. Katika magari mengi madogo ni kati ya Nm 180 na 300. Baada ya kulegezwa gari halisogezwi, kwani nati hiyo ndiyo inayobana beringi ya gurudumu, na uzito wa gari unaweza kuiharibu beringi isiyobanwa.

Kabla ya kumwaga oili, hufunguliwa kwanza bolti ya kujazia katika giaboksi zilizo nayo. Mpangilio huu una sababu nzuri. Bolti ya kujazia ikigoma au meno yake yakichunika, fundi huwa bado na gari lenye oili linaloweza kutembea. Aliyeanza na ya kumwagia hujikuta na giaboksi tupu isiyojazika. Oili humwagwa katika beseni safi na kupimwa, kwa kuwa kiasi kilichotoka huonyesha kilichopungua. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya bolti ni la kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida, na vikionekana kazi husimama na mwenye gari huitwa aonyeshwe.

Gurudumu hutolewa, waya wa sensa ya ABS hufunguliwa usije ukakatika, na bol jointi ya chini hutenganishwa na mkono wake ili habu iweze kuvutwa nje. Ekseli husukumwa itoke katika habu kwa nyundo ya plastiki au ya shaba. Ikiwa imegandishwa na kutu, nati hurudishwa hadi ilingane na ncha ili meno ya bolti yasiharibike, ndipo igongwe. Mpira wa breki hauachwi ubebe uzito wa kitu chochote.

Upande wa giaboksi, klipu huachia kwa mshtuko mfupi wa mtalimbo uliowekwa kati ya jointi ya ndani na ganda. Ganda hilo ni la aluminiamu, hivyo mtalimbo huegemezwa mahali penye nyama nene, na kamwe si juu ya ukingo wa tundu la sili. Kuvuta ekseli kwa kushika shafti yake ni kosa la kawaida: jointi ya ndani hufumuka ndani ya mpira wake na kazi ya saa moja ikawa ya siku nzima. Katika baadhi ya magari ekseli ya kulia ni ndefu na ina beringi ya katikati yenye bolti zake, ambazo hufunguliwa kwanza. Katika baadhi ya giaboksi ekseli zote mbili hazitolewi kwa pamoja, kwa kuwa gia za difu zinaweza kuhama mahali pake. Anayebadilisha sili zote mbili humaliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili.

Sili ya zamani haijang'olewa, kina chake hupimwa na kuandikwa. Nyingine huwa sawa na ukingo, nyingine huzama milimita chache, na kipimo hicho hakikumbukwi baadaye. Kisha hung'olewa kwa kikulabu au bisibisi pana, kidogo kidogo kuzunguka, bila kukwaruza tundu. Mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu hufungua njia ya oili nje ya sili, ambapo hakuna mdomo wala springi ya kuizuia.

Hapa ndipo fundi mzuri hutofautiana na mwenye haraka, kwa kutazama kabla ya kuendelea. Sehemu ya ekseli inapogusana na sili hufutwa na kupitishwa ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Dawa zake ni mbili: kuifunga sili mpya ikiwa imezama au imetokeza milimita moja au mbili zaidi, kama tundu linaruhusu, ili mdomo uguse chuma kizima, au kuvika ekseli bushi maalumu nyembamba ya chuma, yenye unene wa takriban robo milimita. Ikishindikana hubadilishwa ekseli. Ekseli hurudishwa kwa muda na kutikiswa juu na chini ili kupima kama beringi za difu zimelika. Tundu la kupumulia hufunguliwa na kupulizwa. Ukaguzi wote huu huchukua dakika kumi.

Sili mpya hulinganishwa na ya zamani kwa kipenyo, unene, mshale na idadi ya midomo. Mdomo hupakwa oili ileile ya giaboksi, na nafasi iliyo kati ya midomo miwili hupakwa grisi kidogo. Sili isiyopakwa kitu huzunguka kavu katika dakika zake za kwanza na kuungua kabla oili haijaifikia. Huingizwa springi ikiwa upande wa ndani, ikisukumwa sawasawa kwa kipande cha bomba au soketi kubwa yenye kipenyo kidogo kuliko cha nje cha sili. Sili ya zamani iliyowekwa juu ya mpya inafaa pia. Kuigonga kwa nyundo upande mmoja na kisha mwingine huipinda chuma chake, na springi inaweza kuruka ikabaki ndani ya mdomo bila fundi kuona. Sili iliyofunikwa kwa mpira haihitaji gundi ya silikoni. Silikoni inayobanduka ndani huelekea kwenye vichujio na njia nyembamba za oili.

Ekseli hurudishwa ikiwa na klipu mpya. Hushikwa kwa mikono miwili, ikiwa sawa na tundu, na uzito wake hauachwi ulalie sili hata kidogo. Meno yakishaingiana, husukumwa kwa nguvu hadi klipu ilie. Kisha jointi ya ndani huvutwa kwa mkono kuhakikisha imeshika. Ekseli isiyoshikwa na klipu inaweza kuteleza nje gari likiwa barabarani. Vingine hurudishwa kinyume cha vilivyofunguliwa. Nati ya habu hubadilishwa, hukazwa kwa spana yenye kipimo, na kufungwa kwa pini au kwa kubonyezwa ukingo wake. Nati za gurudumu katika Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103.

Oili ya kurudishia

Makosa yanayogharimu zaidi katika kazi hii hutokea mwishoni, wakati fundi amechoka na duka la karibu lina aina moja tu ya oili. Giaboksi ya kawaida, ya otomatiki na ya CVT zinahitaji oili tofauti. CVT hupeleka nguvu kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili kulainisha bila kuufanya mkanda uteleze. Ikiwekwa oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida, mkanda huweza kuteleza na kukwaruza puli. Vitz na Corolla zimetoka na giaboksi za aina zaidi ya moja, kwa hiyo jina la gari halitoshi. Husomwa kijitabu cha gari au namba ya modeli iliyo kwenye kibao chake.

Hata otomatiki za Toyota hazifanani: nyingine hutumia oili ya T-IV, nyingine ya WS ambayo ni nyepesi zaidi. Kwa giaboksi za kawaida, oili ya daraja la GL-5 haifai kila mahali panapotakiwa GL-4, kwa sababu baadhi ya viungo vyake vya salfa vinaweza kula sehemu za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia.

Katika giaboksi ya kawaida hujazwa hadi oili ianze kuchuruzika katika tundu la kujazia gari likiwa limelala sawa. Otomatiki yenye kijiti hupimwa injini ikiunguruma, kwa utaratibu wa mtengenezaji. Isiyo na kijiti hupimwa kupitia bolti ya chini, oili ikiwa katika joto maalumu. Gereji isiyo na kifaa cha kusoma joto hilo hukisia, na hapo ni afadhali gari lipelekwe penye kifaa.

Dawa za kuzuia uvujaji zinazouzwa kwenye chupa hulainisha na kuvimbisha mpira. Zinaweza kupunguza matone kwa muda pale sili ilipokauka tu, lakini hazizibi mpasuko wala mfereji kwenye chuma.

Oili iliyomwagwa ni sumu kwa udongo na maji. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hukusanywa na kupakwa kwenye nguzo na mbao dhidi ya mchwa, matumizi ambayo huihamishia ardhini pole pole. Gereji zilizo na mpango mzuri huihifadhi katika pipa lenye kifuniko na kuikabidhi kwa wakusanyaji wanaoisafisha au kuichoma viwandani.

Magari ya magurudumu ya nyuma

Katika magari kama Toyota Hilux na Land Cruiser yenye ekseli nzima ya nyuma, difu iko katikati na sili ziko kwenye ncha, karibu na magurudumu. Sili ikivuja huko, oili huingia ndani ya breki. Dalili yake si doa chini ya gari bali gurudumu lililolowa kwa ndani na breki inayovuta upande mmoja au kukosa nguvu. Viatu vya breki vilivyolowa oili hubadilishwa, hata kama bado ni vinene; kuvifua kwa petroli hakuondoi oili iliyokwisha kunywewa. Na kwa kuwa breki zimehusika, gari la namna hiyo haliendeshwi hata kwa safari fupi ya kwenda gereji, bali fundi hulifuata lilipo au huvutwa.